Nilikwenda Kumchukua Mjukuu Wangu, Nikatembezwa Magofu

Mimi nilidhani Tailandi ni hapo tu, ukishashuka Dubai unasogea kidogo umefika. Wapi! Nilikaa kwenye ndege mpaka miguu ikavimba kama mihogo ya mwaka wa pili. Na bado nilicheka njia nzima, nikaongea na kila aliyekaa karibu yangu, anielewe asinielewe, maana nilijua ninachokifuata. Nilikuwa nakwenda kumchukua mjukuu wangu.

Binti yangu anafundisha watoto wadogo huko. Aliolewa na Mzungu mmoja wa hawa watalii wa mabegi mgongoni. Alikuja Newala kuliangalia bonde la Ruvuma kutoka juu, akapiga picha zake, akaondoka na binti yangu. Bonde akaliacha. Wakazaa mtoto mmoja wa kike, na sasa mtoto alikuwa amefikia umri wa kuchezwa unyago. Kwenye simu binti yangu alikuwa ananiambia, "Njoo Mama, likizo utarudi naye." Basi nami nikaenda kwa nyakanga, yule mama anayewafunda wasichana wetu, nikamwambia amhesabu na wangu. Majirani wakajua. Dada yangu wa Masasi, anayefanya kazi hospitali ya Mkomaindo, akajua, na akijua yule ujue na hospitali nzima imejua.

Nikafika. Kila nikifungua mdomo, "Mama, pumzika kwanza." Nikapumzika mpaka nikachoka kupumzika. Siku za kurudi zinakaribia, nguo za mtoto sioni zikifungwa. Asubuhi moja binti yangu akasema, "Leo Mama tunakupeleka mji wa kale, walikokuwa wanakaa wafalme. Tutaongea hukohuko." Mji wenyewe unaitwa Ayutaya. Nililitafuna jina hilo treni nzima. Mkwe alikuwa kazini, tukawa wanawake watatu, mimi na binti yangu na mjukuu.

Kila mmoja akapewa begi la mgongoni. La kwangu nikaliweka kichwani.

"Mama, hilo linavaliwa!"

"Mgongo ni wa mtoto," nikamwambia. "Mzigo unakaa kichwani."

Vijana wa Kizungu waliokuwa wanapita na mabegi yao, wamejaa jasho kama punda wa mnadani, wakasimama kunipiga picha. Nikakaza shingo, nikawapa na meno. Binti yangu akaangalia pembeni.

Tukapanda bajaji, lakini bajaji za kule zina pua kama chura. Tukashuka, tukatembea, tukapanda tena. Matofali, jamani, matofali! Zamani walikuja maadui, wakachoma mji, wakakata masanamu vichwa. Mpaka leo yamekaa mstari, yamekunja miguu, hayana vichwa.

"Kwa nini hawayatengenezi?" nikauliza.

"Yanaachwa hivyohivyo, Mama. Ndiyo historia."

Kwetu nyumba ikianguka tunasema imeanguka.

Kipo kichwa kimoja kimenaswa kwenye mizizi ya mti, uso unachungulia kama mtu anayekuangalia dirishani. Ukitaka picha nacho lazima uchuchumae, kichwa chako kisipite chake. Nikachuchumaa, magoti yakalia kama mabua makavu. Mjukuu wangu akacheka mpaka akajishika tumbo, nami nikacheka naye. Tulichoelewana siku ile ni hayo magoti tu, maana Kiswahili hana. Hana hata cha kuombea maji.

Na maji yamejaa! Mji ule umezungukwa na mito pande zote. Mimi nimekulia Newala, tukishuka genge alfajiri kufuata ndoo moja huko bondeni, unaipandisha huku inakumwagikia shingoni. Nikamwambia binti yangu, "Ungetukatia kamto kamoja tu ukatuletea." Akacheka lile cheko lake la utotoni. Nikajisemea, sasa ataongea.

Hakuongea. Akanunua wali uliopikwa ndani ya mianzi, anauza bibi mmoja mzee kunishinda. Mjukuu wangu akaunganisha viganja, akainama mbele ya yule bibi mpaka paji la uso likagusa vidole.

"Kumbe adabu anayo!" nikasema.

"Wanafundishwa shuleni, Mama."

"Na shikamoo?"

"Mama naye!"

Mimi, nilipotua uwanja wa ndege, alinipungia mkono kwa mbali. "Hai, Bibi!"

Tukaingia kwenye hekalu ambamo bado watu wanasali. Sanamu kubwa ya dhahabu, mpaka dari inaonekana fupi. Tukavua viatu, watu wamekaa chini. Mimi nikaketi kama nilivyofundwa, miguu nikainyoosha mbele, nimeibananisha, kitenge nimekishusha hadi kwenye vifundo. Mwanamke wa kwetu hakunji miguu mbele ya wakubwa. Mara mama mmoja mlinzi akaja mbio kwa ncha za vidole, ananipungia mikono.

"Mama, kunja miguu!" binti yangu akaninong'oneza.

"Nimekaa vibaya?"

"Unaielekezea sanamu nyayo. Huku ni matusi. Mama, kunja, watu wanatuangalia!"

Nikahangaika kukunja. Mjukuu wangu akanisogelea, akanishika magoti, akayalaza ubavuni taratibu, moja, halafu la pili, akanitikisia kichwa kwamba hapo sawa. Mtoto niliyekuja kumpeleka akafundwe ndiye aliyenifunda mimi kukaa. Ningekuwa nyumbani ningepiga vigelegele. Pale nilivuta tu kitenge nikaifunika miguu.

Tulipotoka, nikakaa kwenye ngazi nikagoma kwenda mbele.

"Sasa tuongee."

"Mama, hapa kuna jua."

"Jua nimezaliwa nalo. Muulize mwenyewe. Mwambie, Bibi anataka uende naye Newala likizo hii, ukachezwe ngoma yako, ndugu zako wakuone."

Binti yangu akamgeukia mtoto, akaongea Kiingereza chao. Mtoto akafurahi, akajibu haraka haraka, akanyoosha kidole kule kwenye maduka.

"Amesemaje?"

"Anaogopa ndege, Mama. Labda mwakani."

Shule mimi niliishia darasa la pili. Kiingereza changu ni gudi moning, basi. Lakini masikio ninayo. Katika maneno yote yale sikusikia Newala. Muhogo una Kiingereza chake, bibi ana Kiingereza chake, unyago nao labda wameutafutia. Newala haina. Iseme kwa lugha yoyote unayotaka, itatoka Newala.

"Hukumwambia," nikasema.

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

Akafungua chupa ya maji, akaifunga bila kunywa.

"Nimemuuliza kama anataka aiskrimu."

"Akasemaje?"

"Akasema ya nazi."

Nilicheka, jamani. Nilicheka peke yangu. Halafu binti yangu akasema, "Mwanangu hachezwi, Mama. Nilishindwa kukwambia kwenye simu."

"Wewe ulichezwa. Ulipungua nini?"

"Sikupungua. Lakini yeye ni wa huku."

"Basi asichezwe! Aje tu, alale kwangu, ale ming'oko yetu ya kuchimba porini, aone kaburi la babu yake."

"Atapata malaria. Halafu baba yake hataki."

"Baba yake alikuja Newala na begi moja na kandambili, akalala wiki nzima. Malaria ilimpata?"

Basi nikaona nijiongelee mwenyewe. Nikamvuta mtoto, nikajigusa kifua, nikasema polepole, "Bibi." Nikanyoosha mkono mbali, huko ninakodhani ndiko kwetu. "Newala." Nikamgusa yeye kifua. "Newala."

Mtoto akamgeukia mama yake, akauliza kitu, na humo ndani nikalisikia jina letu. Moyo ukaruka kama wa msichana.

"Ameuliza nini? Sema kweli."

Binti yangu akaangalia viatu vyake. "Ameuliza Newala ni nini."

Ni nini. Angalau angeuliza ni wapi.

"Mjibu," nikamwambia.

Akaenda kununua aiskrimu, akaleta na ya kwangu. Nikaila, maana ilikuwa inayeyuka mkononi.

Nilirudi peke yangu. Nyakanga nilimwambia mtoto ana mitihani. Akasema, "Haya, atakuja mwakani." Nikamwitikia, "Ndiyo, mwakani," nikamsimulia habari za masanamu.