Siku Niliyofyeka Masale ya Mshika Kibendera

Nianze na ujinga wangu mwenyewe kabla hujausikia kwa wengine, maana Uru nzima wanaujua na kila mtu anausimulia anavyotaka. Nilipokuwa darasa la nne nilichukua panga la bibi asubuhi ya Jumapili, watu wote wakiwa misani, nikafyeka masale yote, ile mimea ya mpaka kati yetu na jirani. Yote, kuanzia barabarani hadi kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaopita chini ya migomba yetu. Sikuwa nimelewa mbege wala sikutumwa na shetani. Nilikuwa nalipiza kisasi. Leo niko kidato cha tatu, nina ndevu za kuhesabika, na ukiniuliza nitakuambia kwamba kisasi chenyewe hakijaisha, kimepumzika tu.

Kilichonikumbusha ni mpira. Juzi nilikuwa kibanda umiza pale Shirimatunda, tumebanana kwenye mabenchi tunaangalia fainali ya Ulaya. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukatoka. Refa akaweka kidole sikioni, akakimbilia televisheni yake pembeni ya uwanja. Kibanda kizima watu wameshika karanga hawatafuni. Refa akarudi, akachora kile kiboksi chao hewani, akaonyesha kati. Goli! Mabati yakataka kung'oka kwa kelele. Mimi nikanuna.

"We chalii," akaniuliza jamaa niliyebanana naye, "si timu yako ndiyo imefunga?"

"Imefunga."

"Sasa umevimba nini?"

Ningemwelezaje, ndugu yangu? Nilikuwa nawaza televisheni ile ilikuwa wapi siku ya baba mdogo.

Baba yangu alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, anapanda nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilikua katikati ya watu watatu: bibi, mama na baba mdogo. Bibi alitawala jiko. Asubuhi ilinukia moshi wa kuni na mtori, na ole wako uguse chungu kabla hujaleta majani ya ng'ombe. Mama alitawala kahawa na viboko. Baba mdogo hakutawala kitu, yeye alikuwa winga. Alichezea timu ya mjini, na alikuwa analipwa, jambo ambalo bibi hakuwahi kulielewa. Kila akiona baba mdogo anafunga viatu vyake alikuwa anauliza, "Yaani wanakupa hela ukimbie? Mbona hapa unakimbia bure ukiona jembe?"

Na jirani sasa. Jirani alikuwa mshika kibendera. Usimcheke, alikuwa mshika kibendera wa kweli, wa ligi, mwenye jezi nyeusi iliyopigwa pasi na soksi zilizofika magotini. Mazoezi yake aliyafanyia nyumbani. Ule mstari wa masale ya mpaka ndio uliokuwa chaki yake. Kila jioni alikuwa anaukimbilia ubavuubavu, uso umegeukia migomba, kibendera mkononi, kuku wanaruka huku na huku, mbuzi anamshangaa. Sisi watoto tulikuwa tunacheza upande wetu kwa mpira wa matambara, na mmoja akiwahi sana kukimbia, kibendera kilikuwa kinapanda juu ya masale. "Umeotea, bwana mdogo! Rudi!" Tulikuwa tunabishana naye, tunamzomea, anacheka. Mkewe alikuwa anatuletea kiburu cha moto, ndizi na maharage, kwenye sahani ya bati. Nakiri, siku hizo nilimpenda. Ndiyo maana nilimchukia vizuri baadaye.

Basi ikafika fainali ya kupanda daraja. Anayeshinda anaingia Ligi Kuu, anayefungwa anarudi nyumbani kuuza mbuzi. Baba mdogo alikuwa ameshaambiwa na watu wa timu moja ya Dar: panda, tuone ulivyo kwenye fainali, tuongee. Mama alimkaangia mayai ambayo kwa kawaida yalikuwa ya kuuzwa. Bibi alimtemea mate kifuani kumbariki. Tulishuka mjini ukoo mzima, hata shangazi ambaye alikuwa hajui timu yetu inavaa rangi gani.

Tulipofika uwanjani, tukaona kibendera kimoja kimeshikwa na jirani. Aliyepangwa alikuwa ameugua tumbo, akaitwa yeye. Nikawasukuma wenzangu kwa viwiko. Leo tumeshinda, nikawaambia, hata mshika kibendera ni wa kwetu!

Dakika za mwisho, bila kwa bila, na wageni walituzidi pointi, sare ilikuwa inawatosha. Baba mdogo akapokea mpira upande wetu, akamlaza beki wa kwanza, akamtazama wa pili mpaka akakaa mwenyewe, akaachia shuti. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukashuka ndani. Ndani, ndugu yangu! Nilikuwa nimekaa sambamba na lile goli, niliona majani kati ya mpira na mstari. Ungeweza kupanda mchicha pale. Halafu ukadunda ukatoka, kipa akaukumbatia kama mtoto aliyepotea.

Refa wa kati akamgeukia mshika kibendera. Uwanja mzima ukamgeukia mshika kibendera. Jirani akasimama na kibendera chake chini, mguuni, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Kisha akatikisa kichwa.

Hakuna goli. Filimbi ya mwisho ikalia. Baba mdogo alibaki amekaa pale kwenye kona ya uwanja mpaka wafagiaji wakamwambia wanataka kufunga geti.

Jioni ile nyumbani hakuna aliyekula. Ng'ombe alilia, hakuna aliyempa majani. Mimi nilikuwa nimejificha karibu na jiko, nangoja mtu aseme tunaenda kumpiga nani na saa ngapi. Badala yake nikamsikia bibi akimwambia mama kwa sauti ya chini: "Kesho baada ya misa huyo atakuja na isale. Akija nalo, tutafanyaje? Limeisha."

Wewe ambaye hukukulia huku juu, nikueleze: kwetu ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona tu, kesi imekufa. Hata kama ulimuulia ng'ombe. Kulikataa ni kujitafutia laana, na hakuna Mchagga aliye na nafasi ya laana nyingine. Kwa hiyo jirani angemnyang'anya baba mdogo Ligi Kuu siku ya Jumamosi, halafu Jumapili aje na kijani chake kilichopigwa fundo, anywe mbege yetu, aende zake! Nililala nikiwa nimekunja ngumi.

Asubuhi nikaumwa tumbo. Kama tumbo lilimtoa mshika kibendera wa kwanza uwanjani, litashindwa kunitoa mimi misani? Walipoondoka tu, nikachukua panga. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: masale yake yote yako kwenye mpaka ule. Hakuna masale, hakuna jani. Hakuna jani, hakuna msamaha. Abaki na dhambi yake mpaka imuote mdomoni.

Nilifyeka kwa raha ambayo sijaipata tena maishani, hata siku ya matokeo ya darasa la saba. Kila shina lilipoanguka nilisema, "Umeotea!" Majani yote nikayatupa kwenye mfongo, yakashuka na maji. Baadaye niliwaza yalifika mpaka Mabogini, na wakulima wa mpunga wakaona majani ya isale yanaingia majarubani kwa wingi, wakaulizana watu wa mlimani wamewafanyia nini mpaka wanaomba msamaha wa namna hii.

Walipotoka misani hawakuhitaji upelelezi. Panga lilikuwa na utomvu, kandambili zangu zilikuwa na vipande vya majani, na mimi nilikuwa nimekaa barazani natabasamu. Bibi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Huyu mtoto amefuta mpaka! Masale ya babu yake! Wakija watu wa kata kupima, watasema sisi ndio tunataka kumla jirani shamba!"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Masale si maua, ndugu yangu. Kwetu ndiyo hati ya shamba. Watu wamepelekana mahakamani kwa shina moja lililosogezwa, na mimi nilikuwa nimefyeka mpaka mzima. Ghafla aliyekosewa alikuwa jirani, na waliotakiwa kwenda kupiga magoti ni sisi. Bila jani.

Mama akataka kuchuma masale ya kwenye kaburi la babu. Bibi akamzuia njiani. "Yule hajamkosea mtu. Msimwingize kwenye upuuzi wenu."

"Basi nikaombe kwa majirani wa juu."

"Ukaombe ukisema la nini?"

Ukiomba isale kwa watu, umewatangazia kosa lako kabla hujafika unakokwenda. Mama akanishika sikio, akamwita baba mdogo ambaye alikuwa hajasema neno tangu jana, tukavuka ule mpaka uliokuwa haupo, mikono mitupu.

Jirani alikuwa sebuleni, bado amevaa soksi zake za uwanjani. Nadhani alilala nazo. Mama akampa shikamoo, mimi nikavutwa sikio nikaitoa ya kwangu.

"Jirani," mama akasema, "huyu mtoto ametuaibisha. Tumekuja, na hata jani hatuna, kalimaliza yeye."

Mzee akatutazama mmoja mmoja, kisha akasimama akaingia chumbani. Nilidhani anafuata fimbo. Akarudi na glasi ya maji. Ndani ya glasi, jani la isale, limefungwa fundo safi kabisa.

"Nililichuma jana," akasema. "Nilipotoka uwanjani, kabla sijaingia ndani. Nimelikalia usiku kucha, nikaona aibu kulileta."

Yaani nilichelewa! Nilifyeka mstari mzima na jani lenyewe lilikuwa limeshavuka.

Baba mdogo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Uliuona mpira?"

"Niliuona."

"Uliingia?"

"Uliingia, mwanangu. Mkono ulitaka kupanda. Nikawaza, watu wote hawa wanajua ni jirani yangu, watasema nimekubeba. Nikawaza hivyo tu, kidogo tu. Refa akawa ameshanitazama."

Bora angesema hakuona! Mtu asiyeona nitamwonea huruma, nitamnunulia miwani. Huyu aliona, akaogopa kusemwa, na woga wake ukalipwa na baba mdogo. Nilimtazama baba mdogo nikisubiri ngumi. Ngumi moja tu, nilikuwa nimeiombea rozari.

Mama akalitoa jani kwenye glasi, maji yanadondoka sakafuni, akamnyooshea baba mdogo. Baba mdogo aliliangalia muda mrefu, taya zinacheza. Kisha akalipokea. Akatoka nje, akapita katikati ya migomba akiwa amelishika kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

Watu wa Dar hawakupiga simu. Alicheza msimu mwingine, goti likakataa, na sasa yuko Holili, anapanga mizigo kwenye malori yanayovuka kwenda Kenya. Akija likizo tunakaa naye barazani, na mpira ukiwa kwenye redio anaamka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hatunaye tena. Bibi ametangulia. Chungu chake cha mtori nimekiona nyuma ya banda, kuku wametagia. Masale mapya yalikua vizuri, yakanifikia kifuani, halafu watoto wa jirani wakaja kutoka mjini wakayang'oa, wakajenga ukuta wa matofali wenye chupa zilizovunjwa juu. Sasa hakuna mtu anayekimbia ubavuubavu, hakuna kibendera kinachopanda juu ya majani, hakuna sahani ya kiburu inayovuka. Siku hizi mtu akikukosea anakutumia kikatuni kinacholia kwenye simu, na wewe unamjibu kidole gumba.

Mzee mwenyewe yupo, anatembelea fimbo. Nikikutana naye njiani namsalimu, shikamoo mzee, kwa adabu zote, halafu akishanipita nanyoosha mkono juu, wima, kumwonyesha ameotea. Najua ananiona, kwa sababu kuna siku aligeuka, akasimama, akatazama mahali masale yalipokuwa, akarudi nyuma hatua moja. Nilitaka kucheka, nikashusha mkono. Sijamsamehe. Ila siku ile nilirudi nyumbani taratibu.

Kuna kitu nilikiruka makusudi. Ile Jumapili, tulipotoka sebuleni kwa jirani, mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Wao walitukosea, sisi tumewakosea, jani limetoka, watu wameshikana mikono. Moja kwa moja, sare, kila mtu kwao. Tulipofika kwenye visiki vya mpaka nikamuuliza mama kwa sauti ya mtu aliyeokoka, "Kwa hiyo mama, na mimi nimesamehewa?"

Mama hakusimama hata kidogo.

"Jani lilikuwa moja," akasema, "na limeshatumika kwa mshika kibendera. Wewe kesi yako iko palepale. Kamata jembe."