Nilivyopeleka Kigiriki Ukweni

Kama umewahi kupita Kasulu ukasikia vijana wa bodaboda wanamwita mtu mzima "Mgiriki! Mgiriki wa Heru Juu!" na mtu huyo akainamisha kichwa akapita bila kujibu, basi umeshaniona, ndiye mimi, na sina haja ya kujificha tena kwa sababu aibu yenyewe imeshazunguka mpaka Kibondo, ambako binamu yangu alinipigia simu akacheka mpaka salio likamwishia, hata hali hakuniuliza. Nimeona bora niisimulie mwenyewe, maana wanaoisimulia wanaongeza chumvi (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, na mimi hata togwa iliyolala siigusi), tena nataka niwataje kwa majina walionifikisha pale, maana wao wanalala vizuri.

Wa kwanza ni Mwinjilisti Obadia. Huyo simfichi.

Lakini kwanza mnielewe mimi. Nimesoma mpaka darasa la nne. Wazazi wangu walivuka mpaka nikiwa mgongoni, nikakulia makimbizini kwa uji wa mgao, nikapona homa iliyowazika wenzangu wengi, tukaja kupata uraia na kashamba ka mihogo huku Heru Juu, na katika maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuambiwa. Nesi ananiambia, bwana shamba ananiambia, hata mke wangu Yustina, mama Nestori, aliyefika la saba, ndiye ananisomea ujumbe wa simu. Mtu wa namna hiyo ukimpa neno moja ambalo wakubwa hawalijui, umempa kiberiti kwenye nyumba ya nyasi.

Obadia alikuja Kasulu na semina ya siku mbili, ya kufundisha Biblia kwa maneno ya Kigiriki yaliyoandikwa mwanzo. Nikaenda na baba yangu mdogo, Bukuru, tumebebana kwenye bodaboda moja. Siku ya kwanza mwinjilisti akachukua ule mstari ulio mwishoni mwa barua ya Paulo kwa Warumi, unaotaka waumini wasalimiane kwa busu takatifu. Akasema sisi huo mstari tumeusoma kama watu wanaotazama ng'ombe kupitia tundu la ua, tunaona mkia tunasema tumeona ng'ombe. Akaandika ubaoni: *filema*. Akasema hilo ndilo neno la Paulo, na si mkono, si kupunga, si kule kukumbatiana kwetu kwa kushikana mabega, ni busu kabisa, mdomo unagusa mtu, na makanisa ya kwanza walibusiana hivyo, bwana na mtumwa wake. Na kule kusalimiana, akasema, ni *aspasaste*, na ndani yake mna kumkumbatia mtu, kumvuta kwako.

Akatutamkisha. Mbele yangu alikaa daktari mmoja wa serikali, mtu wa kuletwa kutoka mikoa ya mbali, suruali ina mstari kama kisu, akajaribu *aspasaste* ikamkwama kooni kama mwiba wa dagaa. Nikajaribu mimi, ikatoka laini. Obadia akapiga makofi, akasema mbele ya watu wote, "Huyu mzee ana ulimi wa Kigiriki!"

Hapo ndipo nilipopotea. Daktari aligeuka kuniangalia. Daktari, jamani, aligeuka kuniangalia *mimi*. Nikaazima kalamu nikaandika yale maneno kwenye kiganja cha kushoto, na jioni sikunawa mkono huo.

Tukiwa tunarudi Bukuru akaniambia, "Kesho tuwahi, anafundisha neno la pili, lile takatifu." Mimi nikasema neno moja limenitosha. (Kumbukeni hapo.) Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kufundisha kabla wengine hawajafundishwa.

Kesho yake Bukuru akaenda Kasulu peke yake, mimi nikaenda kanisani kwetu ambako akina mama walikuwa na kipindi chao, na anayewaongoza ni Yustina. Niliwakuta wamekaa kwenye mabenchi, naye amesimama na Biblia anawaambia kwa upole wake ule, "Tusalimiane bila kinyongo, hata yule mliyegombana naye kisimani, mpe mkono, muulize watoto wameamkaje." Maneno mazuri tu. Lakini mimi mkono wangu wa kushoto ulikuwa unawasha.

"Mama Nestori," nikasema nikiwa mlangoni, "hapo umepotosha. Wewe hujui neno la asili."

Akanitazama. "Baba Nestori, tutaongea nyumbani."

"Neno la Mungu haliongelewi jikoni! Paulo hakusema mkono, alisema *filema*! Unafundisha watu kitu ambacho hukijui!"

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Wanawake waliangalia miguu yao, na Yustina akaifunga Biblia taratibu, akampa jirani yake aendelee, akatoka akapita ubavuni mwangu bila kunigusa. Asubuhi yake aliondoka na kikapu kichwani kwenda kwao Kagerankanda, kwa mama yake. Sisi tunaita kwahukana: mwanamke amerudi kwao kwa uchungu, na hatarudi mpaka mume amfuate kwa heshima.

Na kumfuata kuna utaratibu wake, kila mtu wa huku anaujua, hata mlevi anaujua. Mume haendi peke yake, anakwenda na msemaji. Akifika anakaa, ananyamaza, msemaji ndiye anayefungua mdomo. Zamani walibeba mtungi wa pombe, sisi tuliookoka tunabeba kreti ya soda na sukari. Mwisho kabisa mume anaulizwa, naye anajibu neno moja tu.

"Neno lako ni 'nimekosa'," Bukuru alinifundisha siku tunakwenda. "Usiongeze. Ukiongeza umeharibu. Mengine niachie mimi, baba."

Tulichukua bodaboda mbili, yangu mbele, yake nyuma na kreti ya soda. Na hapa namtaja mkosaji wa pili, kijana aliyembeba Bukuru, anaitwa Festo, ambaye tairi lake lilikuwa limechakaa, naye alijua, na likapata pancha tukiwa tumebakiza kilima kimoja. Bukuru akanipungia mkono kwa mbali: ningoje. Ningengoja chini ya kivuli nusu saa leo ningekuwa na mke. Lakini jua lilikuwa kali, na nikawaza, si ni nyumbani kwa wakwe zangu, nitangulie nikakae tu. Ndiyo mambo yangu. Semina sikungoja siku ya pili, na msemaji pia sikumngoja.

Nilikuta uwanja umejaa watu. Walikuwa wanapiga maharage, jirani wamekuja kusaidia, turubai limetandikwa, fimbo zinakwenda, wanawake wanapepeta. Na katikati yao mama mkwe wangu, Bibi Anjelina, na ungo wake.

Sasa kwetu mama mkwe hashikwi mkono. Tangu nioe, mimi na yule mama tumesalimiana uwanja mzima ukiwa katikati: yeye anachuchumaa kule, anapiga makofi polepole, mimi nainama huku, basi, kila mtu anatazama pembeni. Sura yake nilikuwa siijui vizuri. Hiyo ndiyo heshima, na kwa miaka yote imetutosha.

Aliponiona akachuchumaa, ungo mapajani, akapiga makofi. "Mwiriwe, mkwe."

Ningeinama. Mwili wangu wenyewe ulishaanza kuinama, ulikuwa umezoea. Lakini fimbo zilikuwa zimesimama, watu wote wananiangalia, wanajua nimekuja kufanya nini, na shemeji yangu Gervasi ana kale kacheko kake, na mimi nikaona nikiinama pale nitakuwa ni yule yule Zakaria wa darasa la nne aliyekimbiwa na mke. Nikajiambia leo wataona kuwa mkwe wao anajua kitu.

Nikasema kwa sauti, "Mama, leo tunasalimiana kama kanisa la kwanza!" Nikavuka uwanja. Yule mama akaanza kurudi nyuma vile vile akiwa amechuchumaa, kama kuku anayeona mwewe, mimi namfuata, nikamshika mabega, nikamvuta kwangu (*aspasaste*), nikambusu shavuni (*filema*).

Ungo ulipinduka. Mama akaanguka chali juu ya rundo la maharage, miguu juu, kilemba kikatoka, na nywele zake nyeupe, ambazo mkwe hatakiwi kuziona, nikaziona zote.

"Mana yanje, Mungu wangu!" akapiga kelele. "Mkwe ameniona kichwa!"

Wanawake wakajifunika nyuso kwa kanga. Gervasi akaja na fimbo ya maharage mkononi.

"Shemeji, umelewa?"

"Ni filema! Shemeji, hii ni filema!"

"Filema ndiyo pombe gani?"

"Siyo pombe, ni Kigiriki! Imo kwa Paulo!"

"Amepandisha mashetani huyo," mama mmoja akasema nyuma, "hebu sikia lugha hiyo. Leteni maji." Na kabla sijajieleza walinimwagia ndoo nzima, maji ya kuoshea mihogo, na mjue yananuka vipi.

Ndipo Yustina akatoka ndani.

Kitu kimoja sijawaambia wale vijana wa bodaboda, nawaambia ninyi. Yustina alikuwa amevaa kitenge chake cha safari. Na pale mlangoni nyuma yake kikapu kilikuwa kimeshafungwa kwa kamba, tayari kubebwa. Alikuwa ananingoja. Kazi yote ilikuwa imebaki neno moja.

Alimwinua mama yake, akamfunga kilemba, akampangusa maharage mgongoni, hayo yote bila kunitazama. Halafu akanigeukia na kuuliza taratibu, "Baba Nestori, kilichokuleta hapa ni nini?"

Mungu ni shahidi, "nimekosa" ilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimelowa, watu wananishangaa, Gervasi ana fimbo, nikaona kwanza nijisafishe waelewe kwamba sikuwa mjinga wala mlevi, msamaha utafuata. Nikainua kiganja cha kushoto nimwonyeshe yale maneno, niliyoyaandika upya asubuhi ile. Wino ulikuwa umetiririka na yale maji, kiganja chote cha bluu, hakuna herufi hata moja.

"Neno la asili..." nikaanza.

Yustina akakitazama kile kiganja. "Mume wangu," akasema, "umekwenda mpaka Ugiriki, lakini Heru Juu mpaka hapa kwetu imekushinda." Akageuka, akaokota kikapu chake, akakirudisha ndani.

Bukuru aliingia uwanjani akihema, kreti ya soda begani, Festo nyuma anasukuma pikipiki. Akaona maharage, maji, watu. Akaninong'oneza, "Umeshasema lile neno?"

"Nimesema."

"Lipi?"

Nikamwonyesha kiganja cha bluu. Aliiweka kreti chini akaketi juu yake.

Soda zile tulirudi nazo. Mkwe aliyemgusa mama mkwe haruhusiwi kukanyaga uwanja ule mpaka mama mwenyewe amwite, na hajaniita. Nilimpigia Obadia, nikamwambia yote, nikamwambia wewe ndiye umenivunjia nyumba. Akasema, "Ndugu Zakaria, mbona siku ya pili hukuja? Siku ya pili nilifundisha *hagion*, takatifu. Maana yake kilichotengwa, kisichoguswa ovyo. Nilisema wazi kwamba busu lile lilikuwa na mipaka, na kila mji una heshima yake."

Nikakata simu. Na bado namlaumu, nasema hadharani, maana mwalimu mwenye akili anaanza na takatifu, hilo busu analiweka siku ya pili. Tena nikakumbuka jambo lililonichoma zaidi: yeye mwenyewe, Obadia, siku ile ya kwanza alitusalimia sote kwa mkono, tena kwa ncha za vidole. Nilikuwepo. Nililiona. Sikuliuliza.

Bukuru amekwenda Kagerankanda peke yake kuniombea, akarudi na jibu la Bibi Anjelina kwamba mkwe wake aufundishe kwanza ulimi wake kukaa nyumbani. Ninaufundisha. Kanisani nakaa benchi la nyuma, watu wakibishana juu ya Maandiko natazama dirishani, na nimeapa kwamba neno ambalo sikulinyonya kwa mama yangu halitatoka tena kinywani mwangu, hata daktari akigeuka.

Yustina siku hizi analeta maharage ya kwao soko la Kasulu. Siku za soko nakwenda na mimi, najifanya nanunua chumvi. Juzi nilisimama upande wa pili, kwa wauza vitunguu, "nimekosa" iko tayari mdomoni, nimeirudia njia nzima kutoka Heru Juu. Akaniona. Hakukasirika, hakugeuka. Akachuchumaa nyuma ya magunia yake, akapiga makofi polepole, macho pembeni, vile mama mkwe anavyomsalimia mkwe.

Nikainama. Njia ya kupita katikati yetu ilikuwepo, wazi kabisa, lakini sikuivuka. *Filema* niliipata kwa pupa, na leo *hagion* nimeipata yote, nimesimama nayo sokoni, na chumvi mkononi.