Nilimpa Mhusika wa Mchezo Asili ya Rafiki Yangu

Nimekosa, na msinitafutie sababu. Nimeshazitafuta zote mwenyewe na hakuna hata moja iliyosimama. Nilichukua siri ya rafiki yangu nikaifanya mchezo. Mchezo, jamani! Wa kurusha dadu mezani!

Nakaa hapa Eldoret, nauza dawa za mifugo katika duka moja mjini. Jina langu sitaji. Na lake halisi sitaji pia, nitamwita Chelimo. Tumejuana tangu shule ya bweni, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Kiprono alipomuuliza kama atakubali kuolewa naye, mimi ndiye niliyeambiwa kwanza, hata kabla ya baba yake.

Huyo Kiprono ndiye aliyetuletea mchezo. Aliujulia chuoni Chepkoilel akiwa mwanafunzi. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunakutana kwake Yamumbi, chai iko, mandazi yako, na dadu za pembe nyingi zimemwagwa mezani. Kila mmoja anabuni mtu wake wa hadithi na kumsemea, halafu dadu ndizo zinaamua kama upanga umekata au umepiga hewa. Kiprono alikuwa msimulizi wetu. Yeye ndiye aliyejua mlima uko wapi na joka limelala wapi. Tulikuwa wanne: yeye, Chelimo, mimi, na Sharon binamu yake Kiprono, mwenye saluni na mwenye mdomo.

Mimi nilikuwa mchezaji mbovu. Watu wangu wote walikuwa askari. Askari mwenye upanga akifa, naleta askari mwenye shoka.

"Wah, ametuletea watchman tena!" Sharon alikuwa anasema, na wote wanaangua kicheko. Nilikuwa nacheka nao, lakini iliniuma. Iliniuma sana kuliko inavyofaa kumuuma mtu mzima.

Basi Kiprono akatangaza tunaanza hadithi mpya, na safari hii anataka asili. Akasema tutafanya kama wazee wetu wanapokaa kwa mambo ya posa. Kwetu msichana haolewi kabla wazee wa pande zote mbili hawajaulizana ukoo na mnyama wa ukoo, ili watu wa damu moja wasioane. Kwa hivyo kila mtu atasimama, aulizwe mhusika wake ni wa nani, wa ukoo gani, mnyama wao ni nani. Mwenye asili ya ajabu kuliko zote atapewa nguvu ambazo wengine hawana.

"Na nisiletewe mtu wa kawaida," akasema, akiniangalia mimi.

Wiki nzima nilifikiri nikiwa dukani. Kichwa kitupu! Halafu nikakumbuka kitu ambacho sikupaswa hata kukigusa.

Kuna watakaosema sasa naitoa siri hiyo mara ya pili. Ni kweli. Lakini huku kwetu hakuna tena asiyeijua, na wengi wanaijua vibaya.

Mama yake Chelimo alipoolewa alikuwa tayari ana mimba. Aliyempa mimba alikuwa mtu wa mbali aliyekuwa na duka, naye alikuwa ameshahama. Mzee, mumewe, alijua hayo yote. Akamwoa hivyo hivyo, na mtoto alipozaliwa akampa ukoo wake na mnyama wake, akanyamaza. Kitu pekee kilichobaki cha yule mwenye duka ni kishungi cha nywele nyeupe kisogoni mwa Chelimo, ambacho yeye hukificha kwa kusuka. Alinionyesha akilia, miezi ile mama yake alipokuwa mgonjwa na kuamua kumwambia ukweli. Niliapa kwamba sitasema.

Na kuna jambo jingine nililolijua, ndiyo maana sina pa kujificha. Mzee alikuwa amemwambia binti yake kwamba wazee wa kina Kiprono wakija, hilo atalisema mwenyewe kwa mdomo wake. Atasimama aseme huyu alikuja tumboni, na ni wangu.

"Aki anataka kusema mwenyewe," Chelimo aliniambia, macho yanang'aa. "Mbele ya watu wote. Nilidhani nitaona aibu, lakini nasikia tu vizuri."

Nililijua hilo! Nililijua na bado nikafanya!

Jumapili ikafika, nikasimama. Nilijiona mjanja kwa sababu nilikuwa nimebadilisha mambo. Mwenye duka nilimfanya mfalme wa watu wa ukungu, wanaokaa nyuma ya maporomoko ya maji. Alipita milimani mara moja tu, akamwacha mwanamke na mimba, akarudi kwenye ukungu wake. Mtoto akalelewa na mchungaji fulani wa mbuzi, akijiita mtu wa mlimani, kumbe damu yake ni ya kifalme. Na alama ya damu hiyo ni kishungi cheupe kisogoni.

Hicho kishungi sikukibadilisha. Kilikuwa kizuri mno kukiacha. Nilijiambia nani atajua, si nimeweka mfalme, si nimeweka ukungu?

"Wah! Sasa hii ndio asili!" Kiprono akapiga meza. "Umenimaliza! Chukua nguvu zote!"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa namwangalia msimulizi, sikumwangalia rafiki yangu.

Sharon ndiye aliyesema, huku akicheka na andazi mdomoni. "Ngoja kwanza. Hiyo nywele nyeupe hapo nyuma, si kuna mtu mimi humsuka ako nayo?"

Hata hapo ingeweza kuisha kama utani. Lakini Chelimo alikuwa ameshaweka kikombe chini na mkono wake umeenda kisogoni wenyewe. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Babe, ni nini?" Kiprono akauliza.

Aliniangalia mimi. "Uliniambia hutasema."

Akachukua mkoba wake akatoka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Nilibaki nimesimama na dadu mkononi kama mjinga.

Kiprono alimfuata, na jioni hiyo Chelimo akamweleza yote. Kwa Kiprono haikuwa shida, nampa haki yake. Shida ilikuwa Sharon. Nilimsihi karibu nipige magoti.

"Mimi?" akasema. "Mimi naweza sema nini?"

Alimwambia mama yake. Mama yake akawaambia wajomba.

Siku ya wazee ilipofika nilikuwa jikoni kwa kina Chelimo kule Chepsaita na akina mama, tukimimina mursik, maziwa yetu ya kibuyu, vikombeni. Chelimo hakunifukuza. Alinipita tu, kama mtu anavyopita kiti. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi na nilimwona Mzee amevaa koti lake la kanisani, anajiandaa kusimama. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, anarudia maneno yake.

Kabla hajainuka, mjomba mmoja wa kina Kiprono akasema, "Mzee, hata kabla hujatuambia ukoo, sisi tumesikia. Tunasikia msichana ana baba mwingine, na wewe ulimlea tu. Mbona mlitaka kutuficha?"

Ulimlea tu! Niliposikia hayo maneno nilijua yametoka wapi. Yalitoka kwa mfalme wangu wa ukungu.

Mzee alikuwa ameshainuka nusu. Akamwangalia binti yake kwa muda mrefu, kisha akakaa. Ukoo hakuutaja. Wageni walikohoa, wakashukuru, wakasema watarudi siku nyingine. Hawajarudi mpaka leo. Mursik tuliimwaga.

Mzee aliamini kwamba Chelimo ndiye aliyetembea akitangaza yeye si baba yake. Na Chelimo hakunitaja! Nilimfuata nje kwenye boma la ng'ombe nikamwambia aseme ni mimi, anitupe mbwa wanile.

"Nikisema ni wewe, bado ni mimi nilikuambia," akajibu. "Baba aliweka hiyo kitu miaka yote. Mimi nilishindwa kuiweka."

Wiki hiyohiyo akaondoka nyumbani. Laini ya simu amebadilisha. Kiprono amemtafuta mpaka amekonda. Shangazi yake wa Nakuru anasema alilala kwake siku chache tu, akaenda, na hajui ni wapi.

Nilichelewa kwenda kwa Mzee. Nilikuwa naogopa, sina neno jingine la kulipamba. Nilipojikaza nikaenda, nilimkuta ameanika mahindi kwenye turubai, anayageuza kwa mguu. Nikamwambia kila kitu. Ilibidi nimweleze hata mchezo wenyewe, dadu na joka, na nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa hivyo ulikuwa mchezo," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na huko, baba ya huyo msichana alikuwa nani?"

"Alikuwa mfalme, Mzee."

"Mfalme." Akageuza mahindi. "Na huyo aliyemlea?"

"Mchungaji, Mzee. Wa mbuzi."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Jamani! Mfalme nilimpa jina. Farasi wake nilimpa jina. Hata maporomoko niliyapa jina!

"Sikumpa jina, Mzee."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alimaliza upande mmoja wa turubai, akaenda wa pili, akaniambia niingie ndani ninywe chai kabla mvua haijaanza. Nilipokuwa natoka ndipo aliponipa ujumbe, na ujumbe huo ndio unaninyima usingizi, kwa sababu sina pa kuupeleka.

Nyinyi mnaocheza michezo hii, na nyinyi mnaotunga hadithi za aina yoyote, nawaomba. Bunini wafalme, bunini majoka, wapeni watu wenu mikia na mabawa. Lakini mtu aliyekuambia jambo akilia, usimweke mezani ili upigiwe makofi! Usijidanganye kwamba umemficha. Yeye atajijua, na yule uliyemwona mdogo mpaka ukamnyima jina atajijua pia.

Chelimo, kama hii imekufikia popote ulipo, usinisamehe. Sikuandika kwa sababu hiyo. Baba yako anajua si wewe. Amesema urudi nyumbani, na nikuambie hivi: ukoo bado hajautaja, anakungoja.