Joto la Kompyuta ya Mdogo Wangu

Mama aliponipigia simu kutoka nyumbani, kijijini kwetu Ruanda wilayani Mbozi, hakusema kompyuta imeharibika. Alisema, "Mdogo wako amezimika." Nikaitazama simu, maana mdogo wangu tulikuwa tumeshamzika. Au tuseme walikuwa wamemzika. Mimi nilikuwa bondeni Msangano nikivuna mpunga wa watu, simu haina chaji, na homa iliyomchukua haikumsubiri mtu. Nilifika udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Majirani ndio walionisimulia jinsi alivyotetemeka, na jinsi mama alivyomfunika mablanketi yote ya nyumba wakati wakisubiri gari la kumpeleka hospitali.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mama anazungumzia laptopu.

Mdogo wangu alikuwa na kibanda cha stationari Mlowo. Alichapa barua za watu, mikataba ya viwanja, ratiba za misiba. Baada ya matanga, vitu vyake vilipogawanywa, mama alisema yeye anataka laptopu tu, na shangazi zangu wakatazamana, kwa sababu mama hajui hata kuiwasha. Lakini kwenye skrini mdogo wangu alikuwa ameweka picha yake mwenyewe, amevaa sare ya kwaya, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo kama alivyokuwa akinicheka mimi. Tena alikuwa ameipanga isijizime yenyewe, maana wateja wake walikuwa wanakuja kwa kushtukiza. Mama akaiweka mezani sebuleni, ikachomekwa kwenye umeme, na haikuzimwa tena.

Asubuhi za Mbozi zina baridi. Chini ya laptopu mama alikunja kipande cha blanketi. Juu ya vitufe alitandika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, kama redio na televisheni zinavyofunikwa katika nyumba zote za kwetu. Nilipokuwa napita nyumbani, maana mimi hupita, sikai, nilikuta uso wa mdogo wangu umejitokeza juu ya kitambaa kama mtu aliyejifunika hadi kidevuni. Mama akitoka shambani kwenye kahawa alinawa mikono, akapitisha kiganja chini ya kile kitambaa, akakiacha hapo kidogo, kisha ndipo akaingia jikoni. Sikumuuliza kwa nini. Mimi ninayeuliza kila kitu.

Siku ya ile simu umeme ulikatika kwa muda mrefu, betri ikaisha. Umeme uliporudi jirani alibonyeza kitufe cha kuwashia, yakaja maandishi meupe kwenye weusi, basi. Nilipofika niliiwasha tena na kuinamisha sikio. Niliacha shule kidato cha pili, lakini kati ya kupakia magari mpakani na kuuza saa za mkononi Nakonde, upande wa Zambia, niliwahi kukaa kwa fundi mmoja wa Tunduma nikipuliza vumbi kwenye kompyuta, na kuna mambo sikio halisahau. Ndani kulikuwa na mlio, tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa debe. Nikaizima haraka.

"Atarudi?" mama akauliza.

Nikamwambia nitajaribu. Akasema hataki kitu kingine chochote kilichomo, anataka ule uso.

Fundi wa Tunduma alikuwa palepale, kibanda kilekile, malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni mbele yake. Alikuwa anaagana na mteja wa ng'ambo ya mpaka, anamwita mukwai, kwa heshima ya huko kwao, kila baada ya neno. Aliponiona na laptopu kifuani akasema kumbe bado naishi, alidhani nimeshafika Kongo. Akaichukua, akaiwasha, akasikiliza mara moja tu.

"Wewe na hii diski ni ndugu," akasema. "Mnazunguka, mnazunguka, hamfiki."

Nilicheka. Kisha nikamweleza ni ya nani, na utani ukaishia hapo.

Tulianza na njia ya kawaida. Tulitoa diski yake, tukaweka nyingine nzima ya fundi, na laptopu ikawaka bila shida. Kwa hiyo mashine ilikuwa salama, ugonjwa ulikuwa kwenye diski. Ile ya mdogo wangu tukaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta ya fundi. Ikaonekana, ikapotea, ikaonekana tena. Programu ya kupima afya ya diski ikaandika kwa rangi nyekundu. Nilitaka tuifanyie matengenezo, nilikumbuka kuna amri ya kufanya hivyo. Fundi akanishika mkono. Alisema diski ya namna hii ukiilazimisha kujitengeneza unaimalizia, kila inapozunguka inajichuna. Tuiache ipoe, tuiwashe, tuchukue nilichotumwa kwanza, mengine yafuate kama yatakuwepo.

Ikapoa. Tukaiunganisha. Nikaipata picha kwenye folda yake, nikaanza kuinakili, na mstari wa kijani ukatambaa, ukasimama, ukatambaa. Nilipoifungua nakala niliona nywele, paji la uso, macho. Chini ya macho kulikuwa na rangi ya kijivu tupu. Kile kicheko hakikuwepo.

Nilitoka nje nikasimama katikati ya malori. Sikumwona akiumwa, sikumwona akizikwa, na sasa nilikuwa nimeachiwa macho tu.

Wazo likanijia hapohapo, huku dereva mmoja ananitukana nimpishe. Wakati nilipokuwa napuliza vumbi nilikuwa na tabia ya kufungua mafolda yasiyonihusu, na niliwahi kuona kwamba mashine hujiwekea nakala yake ya picha iliyoko mbele ya skrini, mbali na picha yenyewe. Nikarudi mbio. Fundi alisema tujaribu, mara moja tu. Tulitafuta kwa upole, na tuliikuta, ndogo kuliko ile ya kwanza, hafifu kidogo, lakini nzima. Kicheko kilikuwepo.

Kulikuwa na folda nyingine yenye sauti za mazoezi ya kwaya, ambazo alizirekodi mwenyewe. Niliibofya. Diski ikadonoa debe kidogo, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Tuliisubiri ipoe, tukaiwasha, tukaibadilishia waya. Haikuzunguka tena. Sauti yake ilibaki humo, na humo iko mpaka leo.

Wakati fundi anasafisha laptopu ili tuweke diski mpya, alichomoa kwa kibanio donge la vumbi kwenye feni. Lilikuwa limefungamana na nyuzi nyeupe. Alizigeuza kwenye mwanga na kuuliza ni za nini.

"Imekufa kwa joto," alisema. "Ilizibwa. Nani alikuwa anaifunika?"

Nilijua zile nyuzi zimetoka kwenye kitambaa gani, na nilijua sitakisema kitu hicho nyumbani.

Diski mpya ilikuwa nyembamba na nyepesi, haina kinachozunguka ndani. Ikafungwa kwa skrubu nne, programu zikawekwa, na nikaiweka picha mbele ya skrini kwa mkono wangu.

Mama alikuwa amekifua kitambaa na kukipiga pasi. Niliiwasha laptopu mezani, na uso ulipotokea alishika kifua. "Karudi," akasema taratibu. Alimtazama mpaka nikaanza kujisikia mtu mwema. Kisha akaweka kiganja juu ya vitufe, mahali pake pale pale. Akakihamishia upande wa pili. Akakirudisha.

"Mbona imepoa?"

Nikamweleza kuhusu diski isiyozunguka, kwamba haina kelele, haipati joto, ni nzuri zaidi.

"Ile ya kwanza ilikuwa na joto."

"Ilikuwa inaumwa, mama."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Aliutazama mkono wake, akakitazama kitambaa kwenye kiti, akalitazama lile blanketi lililokunjwa.

"Kumbe lile joto lilikuwa homa," akasema. "Na mimi nikaifunika."

"Hukujua, mama."

"Kufunika nilijua, baba. Ndicho nilichokuwa nakijua."

Mama alilitoa blanketi chini ya laptopu yeye mwenyewe, akalirudisha chumbani. Aliporudi aliketi.

"Nionyeshe inavyozimwa."

Nikamwonyesha. Akaniuliza kama akiiwasha kesho atamkuta. Nikamwambia atamkuta. Akauweka mshale mahali nilipomwonyesha, akasita, akabonyeza. Uso ukaenda. Hapakuwa na sauti yoyote ya kuisikiliza ikipungua.

Kitambaa kilikuwa mapajani mwake, kimekunjwa, na viganja vyake viwili vilikuwa juu yake.