Uzio wa Matete Kati ya Ndugu Wawili

Matete mabichi yaliyokatwa yana harufu ya maji na majani yaliyopondwa, na mpaka leo nikiisikia hukosa raha. Katika vilima vya Ngungu, kusini mwa Masisi, harufu hiyo kwa kawaida ilikuwa ya heri: mtu anajenga jiko, au anazungushia ng'ombe wake boma. Lakini mwishoni mwa mvua, muda mfupi kabla ya uhuru, baba yangu aliteremka mtoni na panga, akarudi na mzigo wa matete begani, akaanza kuyachomeka katikati ya uwanja wetu. Upande huu ikabaki nyumba yetu. Upande wa pili ikabaki nyumba ya mdogo wake, Balthazar. Ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka bondeni, na katika ukungu ule nilimwona baba akipiga nguzo kwa jiwe bila kumtazama mtu.

Baba aliitwa Anselme, naye alikuwa katekista, mwalimu wa dini katika misheni ya Wazungu. Wazazi wao walipofariki, ni yeye aliyemlea Balthazar, akamlimia, akamsomesha, akamtafutia mke. Balthazar alikuwa mchangamfu, mwenye sauti ya kusikika kilima kwa kilima, akifanya kazi katika shamba la pareto la Mzungu mmoja. Mimi nilikuwa binti wa pekee wa baba. Wote waliozaliwa kabla na baada yangu hawakukaa duniani. Kwa hiyo Veneranda, binti wa Balthazar ambaye tulilingana naye umri, ndiye aliyekuwa ulimwengu wangu wote. Tulilala mkeka mmoja, tukachota maji pamoja, tukapukuchua maharagwe tukibishana ni nani mwenye vidole vyepesi. Watu waliokuja kwetu hawakujua yupi ni wa nyumba ipi, na sisi hatukuona haja ya kuwaeleza.

Kisha ukaja uchaguzi. Neno lenyewe lilikuwa geni, na watu walilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mtungi wa mwenzake. Baba alifuata chama kilichotaka machifu wabaki na ardhi yao na uhuru uje taratibu. Balthazar alifuata chama kilichotaka Wazungu waondoke upesi na mashamba yarudi kwa walioyamwagia jasho. Mwanzoni walibishana wakila, wakacheka. Lakini siku ya soko Balthazar alipanda juu ya gogo akasema mbele ya watu kwamba makatekista wanakula mkononi mwa Wazungu kama kuku wa kufugwa. Baba alikuwa pale pale, amesimama na mfuko wa chumvi. Alirudi nyumbani akamngoja uwanjani.

"Nilikukomalisha na mikono hii," alimwambia. "Leo unanitukana mbele ya batu."

"Sikukutukana weye, kaka. Nilitukana parti yako."

"Njo ile ile," baba akasema, kwamba kwake ni kitu kimoja, akaingia ndani.

Kesho yake ndipo alipokata matete.

Siku zilizofuata nilijifunza kwamba upweke una masikio. Nilimsikia Veneranda akitwanga, nikamsikia akikohoa, nikamsikia akiitwa na mama yake, lakini mimi sikuruhusiwa kumwita. Tulipangiwa nyakati tofauti za kwenda mtoni. Tukikutana njiani, yeye aliangalia miguu yake nami niliangalia yangu. Nilikuwa nikijibu maneno yake kimoyomoyo, ubishi wetu wa zamani, mpaka siku moja nikagundua kwamba nimeanza kusahau angenijibu nini. Majirani hawakutaka kuingilia. Walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Basi walichukua majembe yao, nasi tukabaki tukingoja msimu wa kikapu.

Siku ya kura wanaume walivaa mashati safi wakateremka kwenda shuleni kulikokuwa na sanduku. Baba alipita njia ya juu, Balthazar njia ya chini. Mwaka ule wanawake hawakuwa na kura. Kilima kikawa kimya, na katika kimya kile mama yangu na mama Veneranda walikutana mwisho wa uzio, pale matete yalipoishia kwenye migomba. Walishikana mikono muda mrefu. Nilimsikia mama akisema polepole, "Siye bamama hatukuchagua muntu. Lakini njo siye tutabaki peke yetu." Mwenzake alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akarudi kwake kabla mumewe hajapanda kilima.

Chama cha baba kilishinda kilimani kwetu. Wenzake walikuja kunywa pombe ya mtama, wakaimba wameelekeza nyuso upande wa uzio. Baba aliwakaribisha lakini hakuimba. Siku chache baadaye tuliamka tukakuta maharagwe ya Balthazar yameng'olewa shamba zima, mizizi juu, maganda yakiwa bado mabichi. Sio baba aliyeyang'oa. Lakini hakuuliza ni nani, na hilo Balthazar aliliona. Alifunga mizigo yake akahamia Ntoto, kule Walikale, walikokuwa wajomba wa mkewe. Walipita mbele ya mlango wetu asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Veneranda alikuwa na sufuria kichwani, na mwenye mzigo kichwani hageuki ovyo. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba ndiyo sababu hakugeuka.

Uhuru ulikuja, ngoma zikapigwa, kisha zikanyamaza. Siku moja Papa Kasereka, mchuuzi kutoka upande wa Butembo aliyeleta vitenge na chumvi kwa lori lake, alimkuta baba sokoni akamsalimia kwa furaha.

"Papa, haukusikia? Bale bakubwa benu banapatana. Parti yako na ya mudogo wako, zote ziko mu serikali moja."

"Njo vile?"

"Njo vile, Papa. Banakaa ku meza moja."

Baba hakununua kitu. Alirudi nyumbani, akang'oa uzio wote kwa mikono, akauchoma moto. Kulipokucha alichukua fimbo akashika njia ya Ntoto. Njia ile hupita msituni, matope hufika magotini, na yeye hakuwa kijana tena. Nilifagia upande wa pili wa uwanja kila asubuhi. Nilitandika mkeka wetu mahali pake pa zamani.

Alirudi peke yake. Mama alimpa maji, akamwacha anywe.

"Alinipokea muzuri," baba akasema. "Alinichinjia kuku."

Mama akaweka ungo chini. "Kuku? Kama mugeni?"

"Kama mugeni," baba akajibu.

Sikumsikia tena akimtaja mdogo wake. Baadaye vita vilifunga njia zile, zikafunguka, zikafungwa tena, na Veneranda sikumwona kamwe.

Leo ninafundisha siasa na uchaguzi mjini Goma. Wanafunzi wangu, wasichana kwa wavulana, wanajua wingi wa viti ni nini na muungano wa vyama huundwaje. Wanawake tunapanga foleni na kupiga kura, na hilo si dogo. Nisingekubali kulirudisha hata kwa raha zote za utoto. Lakini kampeni ikianza naona ndugu wakitukanana kwa simu, kila mmoja mji wake, bila hata kulazimika kutazamana. Mwaka jana msichana mmoja aliinua mkono akauliza: wakubwa wakipatana huko juu, nani hurudi kuwapatanisha wadogo waliotengana huku chini kwa ajili yao? Darasa lilicheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba nimesoma sheria zote za uchaguzi wa nchi hii, na hakuna kifungu kinachomtaja mtu huyo. Kisha nikafuta ubao, nikiwapa mgongo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.