Wimbo Tulioimba Darajani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, kufika shuleni kwetu kule Mbozi kulitaka kuvuka daraja la waya na mbao, la watu wa miguu tu. Mto wa chini yake ulikuwa mwembamba lakini mweusi, na hata kiangazi hakuna aliyewahi kuuona mchanga wake. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na sharti moja kuhusu daraja lile.

"Mkifika pale, nyamazeni. Kila mtu na hatua zake. Mwenye mto akisikia wimbo, huitikia."

Nilimuuliza mwenye mto ni nani. Akaendelea kuchambua kahawa. Jumapili bibi alikuwa wa kwanza kufika kanisani, lakini jambo hilo hakulitania hata siku moja.

Mimi nilikuwa na sauti. Ndiyo maana mwalimu alinifanya kiongozi wa nyimbo za mchakamchaka, na Sekela, rafiki yangu wa dawati moja, alinipokea kwa kiitikio. Asubuhi moja baada ya mvua tulikimbia njia ndefu. Tulipolikaribia daraja wenzangu walianza kunyamaza, maana kila nyumba ilikuwa na bibi yake. Mimi nikasema, "Tuone kama ataitikia kweli." Nikaanzisha.

Tulikuwa kama thelathini, miguu ikipiga mbao kwa pamoja. Mwanzo daraja lilicheza kidogo, tukacheka. Kisha likapanda na kushuka, likashuka zaidi. Upepo haukuwapo. Nakumbuka mbao zikinijia usoni na waya ukilia kwa mapigo yaleyale ya wimbo wangu. Nilinyamaza. Daraja halikunyamaza. Nilipofika ng'ambo kwa magoti, Sekela hakuwa nyuma yangu.

Walimpata siku ya pili, kwenye matete. Msibani bibi alinishika mkono. Watu wazima walisema mwenye mto amechukua wake. Hakuna aliyeuliza nani aliimba, na sisi watoto hatukusema.

Kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia alifunga kamba darasani, akaning'iniza mawe manne, mawili yakiwa na nyuzi za urefu sawa. Akalisukuma moja kati ya hayo mawili. Taratibu, bila kuguswa, lile la pili likaanza kubembea. Mengine yalitikisika kidogo tu.

"Kila kinachobembea kina mwendo wake," alisema. "Ukikisukuma kwa mwendo huohuo, tena na tena, nguvu ndogo inatosha. Ndiyo maana askari wakifika darajani huambiwa waache kupiga hatua kwa pamoja."

Niliomba ruhusa, nikaenda kukaa nyuma ya choo. Mpaka siku ile nilikuwa nikimwogopa mwenye mto. Tangu siku ile nikaanza kuiogopa sauti yangu. Sijaimba tena, hata kanisani.

Mwaka jana nilitoka Tunduma, ninakofundisha, nikaenda kwa Mama Sekela. Nilimkuta akianika mahindi. Nikamweleza yote: wimbo, hatua zetu, yale mawe na nyuzi zake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua ni wewe uliyeimba," akasema. "Asubuhi ile sauti yako ilifika mpaka hapa."

"Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini? Ulikuwa mtoto. Mwenye mto nilimchukia miaka mingi, mwisho nikamsamehe. Leo unaniletea mtu mwingine, nianze upya?" Akanisogezea ungo. "Kaa. Nisaidie."

Nilikaa naye mpaka jioni.

Maelezo ya mwalimu wangu ni ya kweli, nami sasa nayafundisha. Lakini nadhani wazee wetu waliujua ukweli huohuo kwa miguu yao, wakampa mwenye mto aubebe, ili siku ya msiba usimwangukie mtoto. Wanafunzi wangu nawafungia kamba na mawe, nawaeleza kanuni yote. Nikifika kwenye mfano wa daraja, naweka chaki chini, nawaambia wausome wenyewe kitabuni.