Jiwe la Magunia Thelathini

Baridi ya Julai hii ya 1977 bado inauma, na Beda Eustaki amelala chali chini ya tela la kijiji. Miguu tu ndiyo inayoonekana. Anagonga pini inayounganisha tela na trekta, kisha anasikiliza.

"Ikilia kama kengele, nzima. Ikikohoa, ina ufa," anasema akitoka chini na kujikung'uta vumbi.

Beda, mwenye miaka arobaini na mmoja, ndiye dereva pekee wa kijiji chao cha ujamaa, nje kidogo ya Laela. Trekta lao ni dogo. Tela, lililofika mwezi uliopita, linameza magunia themanini ya mahindi na halina breki.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Zenon, aliamuru magunia yote themanini yaende ghalani Laela kwa safari moja. Beda akakataa.

"Trekta lina nguvu, linavuta!" mwenyekiti akafoka. "Unahujumu kijiji wewe. Lete ufunguo!"

"Kuvuta litavuta, Ndugu Mwenyekiti. Mteremkoni nani atalisimamisha? Na juu ya magunia wanapanda kina mama, na watoto wanaowapeleka kliniki mgongoni."

Kazi ya miaka mitatu ilikuwa inamponyoka. Akaomba jambo moja tu: wajaribu kwanza kwenye kimteremko kinachoishia uwanja wa shule.

Akapakia magunia ishirini, akateremka na trekta, akakanyaga breki penye mti mmoja. Aliposimama, akaweka jiwe. Kwa magunia thelathini, jiwe la pili likakaa hatua tatu mbele. Kwa arobaini, tela likalisukuma trekta, matairi yakiburuzika, hadi katikati ya milingoti ya goli.

"Goli!" akapiga kelele Stefania, mama wa mtoto wa miezi minne. "Mwenyekiti kafungwa!"

Watu wakaangua kicheko. Zenon naye akashindwa kujizuia. Akamwachia Beda ufunguo, akaliokota jiwe la pili na kulibeba mwenyewe mpaka mlangoni pa stoo. Lipo hapo mpaka leo: thelathini, basi.

Sasa ni safari tatu, na dizeli inakwenda zaidi. Beda halifichi hilo.

"Natamani siku moja tupate tela lenye breki zake," anasema. "Hapo nitambeba hata mwenyekiti."

Magunia thelathini yameshapakiwa. Stefania anafika mbio, mtoto mgongoni, nyuma yake wenzake wawili.

"Shikamoo, baba. Nafasi ipo?"

"Marahaba, mwanangu." Beda anawapima uzito kwa macho watatu hao, na watoto wao, kisha anawageukia wapakiaji.

"Teremsheni mawili."